Yorkshire 1975–1981: Wanawake walileta sura ya muuaji, polisi wakasikiliza kaseti

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni mtu wa masjala. Huu ni mwaka wa 19 napokea majalada, nayapa namba, nayapanga kabatini, nayatoa yakiitwa. Kuna kesi ya Uingereza nimeisoma kwa miaka mingi, na kila nikiirudia naumia upya kwa sababu naiona kazi yangu mwenyewe ndani yake. Ni kesi ya Peter Sutcliffe, dereva wa lori wa Bradford, aliyeua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya Oktoba 1975 na Novemba 1980. Magazeti yalimbandika jina la kutisha ambalo sitalitumia hapa, lilimpa ukubwa asiostahili.

Polisi walimhoji mara 9 kabla hajakamatwa. Tisa, wakuu. Jina lake lilikuwa kwenye kadi zao. Sura yake walikuwa nayo, wameletewa na wanawake waliopigwa nyundo ya kichwa wakapona. Wengi husimulia habari hii kwa kumfuata muuaji. Mimi nitazifuata kadi, na nitawafuata wale wanawake.

Kwanza waliouawa, wasomeke kwa majina yao: Wilma McCann, Emily Jackson, Irene Richardson, Patricia Atkinson, Jayne MacDonald, Jean Jordan, Yvonne Pearson, Helen Rytka, Vera Millward, Josephine Whitaker, Barbara Leach, Marguerite Walls, Jacqueline Hill. Wilma aliacha watoto wanne. Jayne alikuwa na miaka 16, anafanya kazi dukani.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1969. Polisi wa Bradford walimkuta Sutcliffe usiku, amejificha kwenye bustani ya mtu mtaa wa Manningham, mkononi ana nyundo. Wakamshtaki kwa kukutwa na kifaa cha wizi. Kwenye kumbukumbu kuu za uhalifu neno "nyundo" liliandikwa. Kwenye kumbukumbu za polisi wa pale pale nyumbani likabaki kosa la wizi tu. Miaka sita baadaye wanawake wanaanza kuuawa kwa nyundo Leeds na Bradford, mpelelezi anafungua rekodi ya huyu bwana, anamkuta kibaka aliyekosa bahati. Anafunga, anaendelea na mwingine.

Mtu wa masjala akisoma hapo anajua tayari kesi hii itakwenda wapi.

#2 Mchangiaji

Nimekaa mkuu. Tiririka.

#3 Mchangiaji

Hii niliisikia juujuu tu. Weka muendelezo, usituache njiani.

#4 Mleta uzi

Naendelea.

Mei 1976, Leeds. Binti wa miaka 20, mweusi, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, alikuwa anarudi kutoka kwenye sherehe usiku. Mwanaume akampa lifti, akampeleka kwenye uwanja wa wazi karibu na Roundhay Park, akampiga nyundo kichwani. Alikuwa na mimba. Alijikokota akiwa anavuja damu hadi kwenye kibanda cha simu, akapiga kuomba msaada. Alishonwa nyuzi 52. Mtoto aliyekuwa tumboni akafa.

Akawaeleza polisi mwanaume huyo yukoje, pamoja na ndevu zake. Polisi hawakumwingiza kwenye orodha. Walikuwa wameshaamua wanamtafuta mtu anayeshambulia wanawake wanaojiuza, na huyu alikuwa anawaambia kwamba yeye hajiuzi. Kwa hiyo tukio lake likawekwa kando kama shambulio jingine tu.

Februari 1977, miezi tisa baadaye, Irene Richardson akakutwa ameuawa kwenye uwanja ule ule.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo penye mzizi. Ukishaandika juu ya jalada "kesi za machangudoa", kila karatasi inayokuja na mwanamke wa aina nyingine itakosa mahali pa kukaa. Itapelekwa kabati jingine. Karatasi haina kosa lolote, aliyeandika jina juu ya jalada ndiye aliyekosea. Jayne MacDonald alipouawa Juni 1977 ndipo magazeti na polisi wakaanza kusema sasa ameuawa "asiye na hatia", wakidhani muuaji alimkosea. Na wale wanne waliotangulia walikuwa na hatia gani? Ofisa mmoja mwandamizi alifika mbele ya waandishi mwaka 1979 akasema kwamba muuaji anawachukia wanawake wanaojiuza, kwamba watu wengi wanawachukia pia, ila sasa anaua wasichana wasio na hatia. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyekula kiapo cha kulinda raia.

#5 Mchangiaji

Mleta uzi nakushukuru kwa kuwataja kwa majina. Mimi ni mama wa mabinti watatu, hapo kwenye kibanda cha simu imebidi niweke simu chini kwanza.

#6 Mchangiaji

Swali mkuu: hawakuwa na ushahidi wowote wa kumfuata? Alama za vidole, gari, chochote?

#7 Mleta uzi

Walikuwa nao mwingi. Alama ya buti, alama za matairi. Ila ulio mkubwa kuliko wote ulikuwa noti moja ya pauni 5.

Jean Jordan aliuawa Manchester tarehe 1 Oktoba 1977. Kabla ya kumuua, Sutcliffe alimlipa kwa noti mpya kabisa iliyotoka kwenye bahasha yake ya mshahara. Jean akaificha kwenye kijifuko cha siri cha mkoba wake. Baadaye Sutcliffe akakumbuka kwamba noti ile inaweza kumfichua. Siku nane zilipita, mwili haujaonekana. Jumapili tarehe 9 alikuwa na ndugu nyumbani kwake, wamekuja kufungua nyumba mpya aliyonunua na mkewe. Wageni walipokwisha kurudishwa kwao, akaendesha gari usiku kuvuka milima hadi Manchester, akautafuta mwili, akautafuta mkoba. Mwili aliupata, mkoba hakuupata. Polisi ndio waliupata mkoba siku chache baadaye, hatua kadhaa kutoka pale, na noti ndani yake.

Noti mpya ina namba. Benki Kuu iliweza kusema furushi lile lilikwenda tawi gani, na njia ikaishia kwenye tawi la benki la Shipley, jirani na Bradford. Tawi lile lililipa fedha za mishahara kwa makampuni ya eneo hilo. Waajiriwa wao walikuwa kama 8,000. Wapelelezi wakagonga milango maelfu.

Tarehe 2 Novemba 1977 wakagonga kwa Sutcliffe. Akasema alikuwa nyumbani, mkewe akathibitisha. Wakarudi tarehe 8. Safari hii na mama yake akathibitisha habari ya wageni. Fomu ikajazwa, ikafungwa.

Mwaka 1980 wakairudia kazi ya noti kwa hesabu makini zaidi, wakapunguza orodha hadi watu wasiofika 300. Kampuni ya lori aliyofanyia Sutcliffe ilikuwemo. Wakamhoji tena, na tena. Yaani muuaji alikuwa amebaki kwenye kundi ambalo ungeweza kulijaza kwenye ukumbi wa shule ya msingi.

#8 Mchangiaji

Sasa kwa nini hizo karatasi hazikukutana? Walikuwa hawana kompyuta?

#9 Mleta uzi

Hawakuwa nayo kwa kazi ile. Walikuwa na kadi.

Chumba kikuu cha upelelezi kilikuwa kituo cha Millgarth, Leeds. Kila mtu aliyehojiwa, kila gari lililoonekana, kila simu ya raia, kadi. Inasimuliwa kuwa ilibidi sakafu iimarishwe kwa uzito wa makaratasi. Magari yaliyopita mitaa ya wanawake wanaojiuza yalikuwa yanaandikwa namba kwa siri, na gari la Sutcliffe lilionekana Bradford, Leeds hadi Manchester. Hiyo ilikuwa kadi moja. Noti ya pauni 5 ilikuwa kadi nyingine. Nyundo ya 1969 ilikuwa nje kabisa ya chumba. Na juu ya hayo kulikuwa na viporo, karatasi zilizofika lakini hazijaingizwa kwenye kadi kwa wiki na miezi, kwa hiyo aliyekwenda kutafuta jina alikuta kabati limenyamaza.

Niwaambie jambo moja la kwetu. Ofisini nilikoanzia kazi, mzee mmoja alizungushwa miezi saba kwa sababu jina lake lilikuwa na majalada mawili. Moja limeandikwa Hamisi, jingine Khamis. Kila alipokuja aliambiwa jalada lako halina hati, na hati zilikuwa futi mbili kutoka pale, kwenye herufi nyingine. Nilizigundua kwa bahati, natafuta kitu kingine. Alipozishika alilia. Lile lilikuwa shauri la kiwanja tu. Nikifikiria Millgarth nakumbuka mikono ya yule mzee.

Sasa Julai 1979. Konstebo mpelelezi Andrew Laptew na mwenzake walikwenda kwa Sutcliffe kuhusu gari lake kuonekana sana mitaa ile. Laptew aliingia sebuleni akamwona mtu anayefanana na maelezo ya manusura: ndevu, nywele, mwanya wa meno, saizi ya kiatu. Na ni dereva wa lori. Hakuwa na habari kwamba mtu huyo ameshahojiwa kwa ajili ya noti, maana kadi hazikumwambia. Kwa macho yake tu alitoka na mashaka, akaandika taarifa kwa wakubwa kwamba mtu huyu achunguzwe zaidi.

Wakubwa wakauliza swali moja: anaongea lafudhi ya wapi? Ya Bradford, akajibu. Taarifa ikaandikwa "kabatini". Baada ya taarifa ile Barbara Leach aliuawa, Marguerite Walls aliuawa, Jacqueline Hill aliuawa.

#10 Mchangiaji

Lafudhi imeingiaje tena hapo?

#11 Mleta uzi

Ndiyo kaseti sasa.

Machi 1978 zilifika barua mbili kutoka mji wa Sunderland, na Machi 1979 ya tatu. Mwandishi alijidai ndiye muuaji. Juni 1979 ikaja kaseti kwa jina la George Oldfield, mkuu msaidizi wa polisi West Yorkshire aliyesimamia upelelezi. Sauti nzito, taratibu, inamwambia Oldfield kwamba anamheshimu lakini hakaribii kumkamata. Oldfield aliamini. Mwezi ule ule wakaipiga mbele ya waandishi, ikachezwa redioni, kwenye televisheni, kwenye baa, ikafunguliwa na namba ya simu raia wapige waisikilize. Mtaalamu wa lahaja wa Chuo Kikuu cha Leeds, Stanley Ellis, aliisikiliza akasema sauti hii ni ya mtu wa Castletown, kitongoji cha Sunderland.

Septemba mwaka huo waraka ukasambazwa kwa vikosi: mtu asiye na lafudhi ya kaskazini-mashariki anaweza kuondolewa kwenye tuhuma. Waraka huo ndio uliomfungulia mlango Sutcliffe.

#12 Mchangiaji

Mkuu, nimetumikia jeshi la polisi miaka 26, nimestaafu. Naomba tusiwahukumu kirahisi. Ukiwa mbele ya jalada la mauaji na wakubwa wanapiga simu kila asubuhi, unapopata sauti ya mtu anayesema "ni mimi", huwezi kuitupa. Nasikia barua zile zilikuwa na mambo ya ndani ya kesi.

#13 Mleta uzi

Shikamoo afande. Nimelipokea, na najua Oldfield hakulala. Moyo ulimshambulia mwaka ule ule wa 1979. Simwoni kama mtu mbaya.

Lakini hayo mambo ya ndani yalikuwa yameshaandikwa magazetini. Barua ilidai pia mauaji ya mwanamke mmoja wa Preston mwaka 1975, na polisi wakaona mate kwenye bahasha ni ya kundi la damu lile lile la muuaji wa Preston, B. Sutcliffe hakumuua mwanamke yule. Mwaka 2011 polisi walitangaza kuwa vinasaba vimeonyesha mtu mwingine, ambaye alikuwa ameshafariki.

Na tahadhari zilitolewa wakati ule ule, afande. Polisi wa Northumbria walizichambua barua wakasema zimeigizwa kutoka zile za London za 1888, zilizodaiwa kuandikwa na muuaji wa wanawake wa wakati ule. Ellis mwenyewe na mtaalamu mwenzake waliandika kwamba kama mtu huyu ni wa Castletown angekuwa ameshapatikana, kwa hiyo huenda ni tapeli. Manusura waliozungumza na mshambuliaji walisema anaongea kama mtu wa Yorkshire. Hata tapeli mwenyewe alipiga simu polisi Septemba 1979, akasema kaseti ni ya uongo!

Alikuja kupatikana 2005. Kipande cha bahasha kilikutwa kimehifadhiwa maabara, vinasaba vikalingana na vya mlevi mmoja wa Sunderland, John Humble, ambaye sampuli yake ilichukuliwa alipokamatwa kwa fujo za ulevi. Machi 2006 alifungwa miaka 8 kwa kupotosha haki. Alifariki 2019.

Ninachouliza mimi, afande, ni hiki. Sauti ya mwanaume asiyejulikana ilipigiwa redio nchi nzima. Maneno ya mwanamke mwenye nyuzi 52 kichwani yalipigiwa nini?

#14 Mchangiaji

Marahaba mwanangu. Hapo sina la kukujibu.

#15 Mchangiaji

Naishi Leeds mwaka wa 11 sasa. Pale Millgarth kituo kilishabomolewa, siku hizi ni maduka makubwa ya kisasa. Nafanya usafi wa ofisi alfajiri na wamama wazee wa hapa, wenye miaka 60 na 70. Ukitaja kesi hii wanakuwa kimya kwanza. Halafu wanasema jinsi polisi walivyotangaza wanawake wasitoke usiku peke yao. Mmoja aliniambia mumewe alikuwa anamsubiri kituo cha basi kila siku kwa miaka, na bado alikuwa anageuka nyuma.

#16 Mleta uzi

Asante sana dada. Novemba 1977 wanawake wa Leeds waliandamana usiku na mienge wakidai wapewe usiku wao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: anayeua ni mwanaume, kwa nini afungiwe ndani mwanamke?

Nimalizie kukamatwa kwake. Ijumaa tarehe 2 Januari 1981, Sheffield. Sajenti Robert Ring na konstebo Robert Hydes wapo doria ya kawaida, wanakuta gari limeegeshwa gizani, ndani mwanaume na mwanamke. Wanaulizia namba za gari, haziendani na gari lile. Namba bandia. Mwanaume anaomba akajisaidie pembeni, wanamruhusu. Anapelekwa kituoni kwa kosa la namba za gari, basi.

Kesho yake usiku Ring anasikia kwamba mtu yule anahojiwa kuhusu yale mauaji. Akakumbuka kule kujisaidia. Akarudi pale pale, akamulika tochi nyuma ya tangi la mafuta la jengo. Nyundo na kisu vilikuwa chini, juu ya majani makavu. Kisu kingine kikakutwa kituoni, ndani ya tangi la choo. Tarehe 4 Januari Sutcliffe akakiri, akasimulia kwa saa nyingi.

Mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lile aliishi kwa sababu ya doria ile.

Kesi ilisikilizwa London, Old Bailey, Mei 1981. Alidai alisikia sauti ya Mungu kaburini alipokuwa mchimba makaburi Bingley. Baraza la wazee wa mahakama halikumkubalia, kura 10 kwa 2. Kifungo cha maisha mara 20, kwa mauaji 13 na majaribio 7. Ila hata pale Mwanasheria Mkuu, Sir Michael Havers, alisema kwamba baadhi ya waliouawa walikuwa wanajiuza, na la kusikitisha zaidi ni kwamba wengine hawakuwa hivyo. Wanawake walisimama nje ya mahakama kupinga kauli hiyo. Watoto wa Wilma McCann walikuwa wanakua wakati maneno yale yanachapwa. Novemba 2020 Sutcliffe alipofia kifungoni akiwa na Uviko, ndipo mkuu wa polisi wa West Yorkshire akaomba radhi hadharani kwa lugha iliyotumika. Miaka 45 tangu Wilma auawe.

#17 Mchangiaji

Na polisi walichukuliwa hatua gani? Familia hazikushtaki?

#18 Mleta uzi

Mama yake Jacqueline Hill alishtaki. Mwanawe aliuawa Novemba 1980, mwanafunzi wa chuo, ameshuka basi anakaribia kufika hosteli. Shauri lilifika Baraza la Malodi, ndiyo mahakama ya juu ya wakati ule, na mwaka 1988 wakaamua kwamba polisi hawawezi kudaiwa fidia kwa uzembe wa upelelezi wa namba ile. Uamuzi huo uliwazuia watu wengi kwa miaka. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Uingereza iliwapa haki wanawake walioshambuliwa na dereva wa teksi London, lakini kwa njia ya sheria ya haki za binadamu.

Ndani ya serikali, Lawrence Byford alifanya uchunguzi mwaka 1981. Ripoti yake ilifichwa hadi 2006. Kilichotoka haraka ni mfumo wa kompyuta wa kesi kubwa, uitwao HOLMES, ulioanza kutumika miaka ya kati ya themanini ili kadi za jina moja zikutane zenyewe.

#19 Mchangiaji

Swali la mwisho mkuu. Ni nani aliyemwona uso mapema kuliko wote? Nataka kujua walichelewa kiasi gani.

#20 Mleta uzi

Wa kwanza kabisa sina hakika naye, wapo wanawake walioshambuliwa kabla. Ila mmoja wa waliomwona mapema na vizuri ni msichana wa miaka 14.

Agosti 1975, kijiji cha Silsden. Alikuwa anarudi nyumbani jioni kwenye njia ya shambani, mwanaume akaungana naye, wakatembea pamoja karibu nusu saa wakipiga soga. Alimwona vizuri. Karibu na nyumbani mwanaume akampiga kichwani mara kadhaa, gari likatokea, akakimbia. Binti akapona baada ya upasuaji.

Akakaa na polisi wakaunganisha picha ya sura: ndevu, nywele za mawimbi, macho. Ukiiweka pembeni ya picha ya Sutcliffe ya siku zile utatetemeka. Haikuingizwa kwenye jalada la mauaji, kwa kuwa alikuwa mtoto wa shule na tukio lilikuwa kijijini.

Sutcliffe alikiri kumshambulia mwaka 1992, akiwa kifungoni. Hakufunguliwa shtaka. Picha ile ilitengenezwa miezi miwili kabla ya Wilma McCann.